Fomu Haina Mahali pa Lakini

Ujumbe uliingia saa tano asubuhi, simu pajani,
Kiarabu cha wizara, kimepigwa pasi, hakina mkunjo:
kuanzia mwezi wa tisa masaa ya msaidizi yatapimwa upya.
Mpimaji atafika Al-Khoudh, Jumanne.
Tafadhali uwepo nyumbani.

Niende wapi?
Mwezi wa saba huu. Nje, chuma cha magurudumu
kinaunguza kama mdomo wa tanuri.

Nina siku kumi na moja.
Nimechukua daftari la Tunu, lile la hesabu za soko,
nikaandika siku yangu ilivyo,
kisha nikaifuta, nikaandika siku mbaya,
maana binamu yangu Ghaniya, aliyepimwa mwaka jana kule Ibra,
alijipamba, akawatilia wageni kahawa, akatabasamu.
Wakamwandikia: anajiweza.
Sasa wifi yake humwogesha akipata nafasi.

Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akibisha hodi,
shida inasukumwa chini ya mkeka.
Leo natakiwa niitandaze sebuleni
mbele ya mtu mwenye kalamu,
nimkaribishe na halwa.

Je, unaweza kuvaa mwenyewe? Ndiyo. Hapana.
Ndiyo, dakika arubaini na tano,
na baada ya hapo mkono wa kulia haushiki kijiko
mpaka adhana ya Adhuhuri.
Je, unaweza kupika?
Ndiyo, mtu akiniteremshia sufuria.
Je, unaweza kutoka peke yako?
Ndiyo, mpaka kwenye vidaraja viwili vya duka la Mmalabari,
hapo ninapoagiza mkate kwa ukelele, kama sultani wa barazani.
Fomu haina mahali pa lakini.
Malakini yangu nimeyajaza pembeni, kwa penseli,
yamezunguka karatasi kama siafu.

Usiku tunafanya mazoezi. Tunu ndiye mpimaji:
anavaa miwani yangu, anakohoa kiserikali.
"Bi Thuwaiba, wewe unajitegemea?"
Tunacheka, mimi mpaka machozi,
kisha yeye anavua miwani, anaifuta muda mrefu.
Masaa yangu ndiyo mshahara wake.
Huko Muheza kuna mtoto wa darasa la sita
asiyejua kwamba vifungo vya baibui langu
ndivyo vinavyomnunulia madaftari.

Kujitegemea. Nimelitafuna neno hilo siku nzima,
nikafika kwenye kokwa yake: tegemea.

Kaka yangu Muhenna kapiga simu kutoka Barka.
Chumba kipo, anasema, njoo, unajitesa bure.
Anasema kwa mapenzi, namjua.
Chumba kipo ghorofa ya juu.
Wizara siiogopi hivyo.
Naogopa kupendwa ghorofani.

Kwa hiyo najiandaa.
Vikombe vimeshuka kabati la chini. Droo ina kitanzi cha kamba.
Juzi nilimwambia Tunu akalale kwa mwenzake,
nione masaa yakikatwa nusu itakuwaje.
Kitandani nilifika, kwa bega na kwa matusi.
Lakini glasi ya maji ilibaki juu ya friji
na tulitazamana mimi na yeye mpaka alfajiri.
Hilo nalo nimeliandika. Saa, tarehe, kiu.

Mama angekuwa hai angenisuta:
unaandika aibu zako kama muuza duka anavyoandika madeni?
Ndiyo, mama. Na mdaiwa anakuja Jumanne.

Sitapaka wanja. Nywele zitakaa zitakavyo.
Tunu ataketi chumbani, mlango wazi, mikono magotini,
tumekubaliana, hata nikiangusha kitu.
Mpimaji nitamkaribisha, mila ni mila,
ila kahawa atajimiminia mwenyewe:
birika liko pale, alione vizuri,
shubiri moja juu ya mkono wangu.